Kiwiko Kisichouma

Alhamisi, Aprili 4

Tumefungua msimu wa besiboli kwa baridi ya kukata vidole. Niliitwa zamu ya saba kati ya tisa za mchezo, wageni wakiwa na watu wawili vituoni na mpigaji wao wa mkono wa kushoto akisogea kibaoni. Nikatoka zizini. Ndivyo tunavyopaita pale nyuma ya uzio wanapokaa warushaji wa akiba, na kwa ile harufu ya tumbaku ya kutafuna na soksi, jina linapafaa. Nikakimbia mpaka kichuguuni, kile kilima kidogo cha mrushaji, nikarusha mipira minne, jamaa akapunga gongo lake hewani mara tatu, akatoka. Kocha Pruitt akaja akachukua mpira, akanipiga kofi la mgongoni, akamwita mrushaji mwingine. Kazi yangu ya siku ikawa imekwisha. Koti langu kule zizini lilikuwa bado na joto langu.

Hivyo ndivyo ninavyoishi miaka tisa sasa. Mimi ni shoto, na mpigaji shoto huuona mpira wangu kama unachomoka nyuma ya kisogo chake. Basi huitwa kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Nikimtoa, naondoka. Asipotoka, naondoka vilevile.

Mwakani kazi hii haipo. Sheria mpya imeshatangazwa: mrushaji akiingia, sharti akabiliane na wapigaji watatu au amalize zamu ndipo abadilishwe. Nina miaka thelathini na mitano, na wapigaji wa mkono wa kulia wakiniona huwa kama wameona karamu. Marlys, mke wangu, aliniambia kabla sijaondoka nyumbani Nebraska: "Lyle, mwaka huu usinirudie na ule ukimya wako. Ukishindwa kusema, andika." Naandika.

Ijumaa, Aprili 5

Mvua. Hakuna mchezo. Teyo kapika.

Jumapili, Aprili 7

Nimtaje vizuri huyu Teyo, maana ndiye ninayekaa naye. Jina lake kamili ni Eleuterio Paniagua, mtu wa Baní kule Jamhuri ya Dominika, miaka ishirini na minane. Ni shoto kama mimi, lakini yeye hurushia watu wote, kulia na kushoto, zamu moja, zamu mbili, hata tatu wakimwomba. Tumepanga vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Corley. Wali wake na maharage mekundu umenifanya nisahau kabisa mikate ya nyama.

"Mzee," aliniambia leo akikoroga sufuria, "kazi yako ni kama ya kasisi wa harusi. Unaingia umependeza, unasema maneno mawili, halafu unakwenda kula."

"Na wewe je?"

"Mimi ndiye ninayebaki na bibi harusi."

Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Jumatano, Aprili 17

Galt City wamekuja. Wana kijana anaitwa Cade Lindqvist, shoto, mrefu kama mlango wa ghala, mapaja kama mapipa. Nimemtoa kwa mipira mitatu. Alipokuwa anarudi kwenye benchi lao alinitazama akatabasamu, kama mtu anayesoma bei ya kitu atakachokuja kununua baadaye.

Jumanne, Aprili 23

Mtu mmoja. Katoka.

Jumatano, Aprili 24

Mtu mmoja. Katoka. Kuna mama mmoja huwa anakaa jirani na zizi, ana sauti ya kuuza samaki. Kila nikiinuka hupaza: "Haya, bwana Mtu-Mmoja! Unalipwa kwa saa au kwa jasho?" Zizi zima linaangua kicheko. Namrushia busu.

Jumamosi, Mei 11

Galt City, kwao. Zamu ya nane, tunaongoza kwa moja. Nikaitiwa Lindqvist. Mpira wangu wa kupinda, ule unaonilipia kodi, niliutupa pale pale ninapoutupa siku zote. Aliungoja. Aliungoja kama mtu anayengoja chai ipoe. Sauti ya gongo lake sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwenye meno. Mpira ulivuka uzio, ukavuka na magari.

Alipopita kituo cha tatu alinicheka. Hakutukana wala kutema mate. Alinicheka tu, bila ubaya, kama mtu mzima anavyomcheka mtoto aliyejificha nyuma ya pazia huku miguu ikionekana.

Jumapili, Mei 12

Hawakuniita.

Alhamisi, Mei 23

Mvua siku ya tatu. Mashamba ya mahindi huko nje ya mji yamegeuka maziwa. Teyo anampigia mama yake kila jioni, anaiegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ili mama aone anavyopika. Mama hutoa hukumu. Leo nimesikia jina langu, nikauliza anasema nini. "Anasema umekonda," Teyo akajibu. "Anasema mtu anayefanya kazi dakika tano hana sababu ya kukonda."

Jumamosi, Juni 8

Lindqvist tena, hapa kwetu. Safari hii nilimrushia mpira wa kasi, kwa kuwa ule wa kupinda anaujua. Kumbe na huu anaujua. Ulipotoka mkononi tu nilijua. Mama wa samaki hakusema kitu. Ukimya wake ulinichoma kuliko makelele yake yote.

Na yule kijana alicheka tena.

Jumatatu, Juni 10

Marlys kauliza kwenye simu mambo yanakwendaje. Nikamwambia vizuri.

Jumatano, Juni 19

Niandike ukweli hapa, maana hakuna anayesoma. Ninamwogopa. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano, mwenye mke na binti, ninamwogopa mtoto wa miaka ishirini na mbili mwenye gongo. Nikitazama ratiba, macho yanakwenda kwenye siku za Galt City kama ulimi unavyokwenda kwenye jino bovu. Wengine huogopa mpira utawapiga. Mimi naogopa kuchekwa. Kazi yangu yote ni mtu mmoja, na sasa nimempata huyo mtu mmoja, naye ananijua mpaka ndani.

Jumatano, Juni 26

Habari kubwa. Yule shoto wa klabu kubwa inayotumiliki, kule ligi kuu, kaumia mgongo. Wanahitaji mwingine. Kocha Pruitt alimwita Teyo ofisini akafunga mlango. Alipotoka alikuwa mweupe kama unga.

"Mzee, wamesema Jumanne."

"Jumanne nini?"

"Jumanne napanda. Wanataka kunitazama tena mwisho wa juma, halafu napanda."

Miaka kumi yuko kwenye ligi hizi ndogo, basi na hoteli za barabarani, hajapanda hata siku moja. Nilimkumbatia nikamwinua juu. Furaha yangu ilikuwa ya kweli. Naliandika hilo sasa ili baadaye nisije nikajisahau.

Jumapili, Juni 30

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na jua.

Ulikuwa mchezo wa mchana, Galt City hapa kwetu, jua kali hata mbao za benchi zinaunguza mapaja. Teyo alikuwa amerusha Ijumaa na jana pia, na asubuhi Kocha alimwambia: "Leo wewe pumzika, tumeshakuona." Alikaa mwisho wa benchi la zizini bila viatu, anakula mbegu za alizeti. Nyuma ya kibao, wale wakubwa wawili kutoka klabu kubwa walikuwa wamekaa na kofia zao za majani.

Zamu ya saba tunaongoza kwa mbili. Simu ya zizini ikalia. Mzee Dorsey, anayetusimamia kule, akapokea, akasikiliza, akanielekezea kidole.

"Vondra, jipashe moto. Lindqvist ni wa tatu."

Nilisimama. Nilitupa mipira sita, saba, kwa mdakaji wa mazoezi. Ilikuwa mizuri, na hilo ndilo baya. Mkono ulikuwa mzima kuliko siku yoyote mwaka huu. Kisha nikamwona Lindqvist ametoka kwenye benchi lao, amepiga goti kwenye ule mduara wa kungojea, ameliegemea gongo lake, anatazama zizini. Ananitafuta mimi. Akatabasamu.

Nikaushika mkono wangu wa kushoto.

"Dorsey," nikasema. "Kiwiko."

"Kiwiko kimefanyaje?"

"Kimechoma. Hapa kwa ndani."

Mzee Dorsey alinitazama muda kidogo. Kwenye kazi yetu mtu hasemi uongo wa namna hiyo. Wenzangu wote huficha maumivu ili wacheze. Kuna aliyecheza na kidole kilichovunjika amekifunga gundi. Mimi nilificha uzima ili nisicheze. Hakuwa na sababu ya kunishuku.

Akanyanyua simu. "Kocha, Vondra kashikwa na kiwiko." Nikasikia Pruitt anafoka kwenye waya. "Sina mwingine," Dorsey akasema. "Shoto mwingine ni Paniagua, naye—"

"Mimi naenda," Teyo akasema.

Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

"We kaa chini," Dorsey akamwambia.

"Usikate simu. Mwambie Kocha niko sawa. Mtu mmoja tu, si ndiyo? Leo nafanya kazi ya kasisi." Akanigeukia, akanishika shingoni. "Mzee, usiwe na wasiwasi. Kaweke barafu. Nitakuletea kichwa chake."

Ningeweza kusema. Kulikuwa na nafasi. Alifunga kiatu cha pili, akatupa mipira mitano ya haraka haraka, akanywa maji, mlango wa uzio ukafunguliwa. Muda wote huo mdomo ulikuwa wangu na haukufunguka.

Alimtoa Lindqvist kwa mpira wa nne. Uwanja ukasimama. Nami nilisimama, na barafu yangu mkononi, nikapiga kelele kama wengine.

Pruitt hakumtoa. Alikuwa hana mtu, na wale wenye kofia walikuwa wameinuka vitini, na Teyo alimwambia, nilimwona akitikisa kichwa, kwamba yuko sawa. Akarudi zamu ya nane. Mpira wa tatu wa zamu hiyo ulikwenda kombo, ukampita mdakaji kwa mbali, na Teyo hakuufuata kwa macho. Aliinama. Aliuning'iniza ule mkono kama kitu ambacho mtu mwingine amempa amshikie.

Ferris, tabibu wa timu, alitoka akikimbia. Walipopita mbele ya zizi wakienda ndani, Teyo alinitafuta kwa macho. Akaniuliza, na uso wake umejaa jasho:

"Kiwiko chako kinaendeleaje, mzee?"

Jumatatu, Julai 1

Kano ya kiwiko imekatika yote. Watampasua Ijumaa. Mwaka mzima hatarusha, pengine na zaidi.

Na mimi Ferris kanipima. Amekunja, amekunjua, amebonyeza. "Sioni kitu, Lyle. Labda ilikuwa mshtuko tu. Una bahati."

Jumanne, Julai 2

Jumanne imefika.

Kocha Pruitt kaniita ofisini akafunga mlango. Klabu kubwa bado inahitaji shoto wa mtu mmoja. Kiwiko kimepona? Nikasema kimepona. "Basi panda," akasema. "Ni kwa masikitiko, lakini panda. Miaka sita tangu uwe kule, sivyo? Nenda kaage vizuri."

Nilimpigia Marlys. Alikuwa anaegesha basi la shule analoendesha, wanafunzi wa masomo ya kiangazi walikuwa wameshashuka. Alilia. Alipiga honi ya lile basi peke yake pale uwanjani, mara nyingi. Sikuwahi kumsikia na furaha namna hiyo tangu binti yetu azaliwe.

Nilikwenda chumbani kwa Teyo kumuaga. Alikuwa amelala, mkono juu ya mito. Nilidhani atanichukia. Akasema: "Afadhali wewe, mzee. Kama si mimi, afadhali iwe wewe." Kisha akageukia ukutani, nikajua analia na hataki nimwone.

Jumapili, Julai 7

Ligi kuu. Taulo nene. Sina cha kuandika.

Jumatano, Julai 17

Leo walinipa mpira, zamu ya nane, vituo vyote vimejaa, watu elfu arobaini wamesimama. Mpigaji shoto, jina kubwa, mshahara wake kwa siku moja unazidi wangu wa mwaka. Nilimtoa kwa mipira mitano. Marlys na binti yetu walikuwa wameendesha gari kutwa nzima kuja kuniona. Binti alikuwa amejipaka namba yangu mashavuni.

Nilipofika kwenye benchi wote walinipiga mabegani. Mwenzangu mmoja akasema, "Vondra, umetuokoa." Nikaenda chooni nikafungulia bomba la maji ili wasisikie.

Niliporudi simu ilikuwa na ujumbe wa sauti wa Teyo. Anapiga kelele: "Nimekuona! Nimeruka kitandani, Ferris kanitukana! Mama anakuona pia, yuko huku kwenye simu nyingine. Anasema kila siku anakiombea kiwiko chako. Anawasha mshumaa mmoja kwa viwiko viwili, changu na chako!"

Kiwiko changu kimewashiwa mshumaa Baní.

Jumatatu, Julai 29

Shoto wao kapona mgongo. Nimerudishwa Corley. Nilishukuru Mungu. Hata hilo ni aibu.

Jumamosi, Agosti 3

Teyo yuko hapa, tabibu anamfuatilia hapa hapa. Mkono umefungwa kwenye kifaa cha chuma na bawaba kama mlango. Ni mkono wake wa kila kitu. Ninamkatia nyama. Ninamfunga kamba za viatu. Napika wali, yeye anakaa kwenye kiti na kunielekeza, unaungua vilevile.

Leo nilikuwa nimepiga goti nikimfunga kiatu, akaniwekea mkono mzima kichwani.

"Ndugu wa tumbo moja hafanyi hivi," akasema.

Nilikaza fundo mpaka akaniambia namuumiza.

Jumanne, Agosti 6

Mtu mmoja. Katoka.

Jumatano, Agosti 7

Joto. Namwona akinitazama. Natoka kwenda kutembea.

Jumatano, Agosti 14

Teyo aliitwa ofisini asubuhi. Mkataba wake unakwisha mwishoni mwa msimu na klabu haitaurefusha. Klabu inasema iligharamia upasuaji, lakini kwa kuwa taarifa inaonyesha mchezaji alijitolea mwenyewe kuingia siku aliyoambiwa apumzike, haina wajibu zaidi. Atarudi kwao na mkono uliofungwa, mazoezi ya mwaka mzima ajitafutie mwenyewe.

Alirudi nyumbani akakaa mezani. Nilidhani atavunja vitu. Alikuwa ametulia.

"Unajua nini kinanipa nguvu, mzee?" akasema. "Wengine hapa wanaumia kwa upuuzi. Mmoja alianguka bafuni. Mwingine alimpiga ngumi mlango. Mimi niliumia nimemshikia ndugu yangu nafasi, kiwiko chake kinamuuma. Hilo nikimwambia mama, mama anainua kichwa. Hilo hawawezi kunipokonya."

Nikasema: "Hakikuuma."

"Nini?"

"Kiwiko. Siku ile. Hakikuuma."

Aliniangalia kama nimesema lugha asiyoijua, na tumeishi kwa lugha hii miaka mitatu.

"Kilikuwa kinauma kidogo," akasema.

"Hakikuuma hata kidogo, Teyo. Nilimwogopa Lindqvist. Nilimwona ananicheka. Nikashika mkono."

Hakuinuka. Chini dukani mtu alikuwa anakatiwa bati, ile sauti ya msumeno ikapanda mpaka juu, ikakoma.

"Halafu ukapanda wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Jumanne yangu."

"Ndiyo."

"Na mama yangu anawasha mshumaa."

Nilianza kusema kwamba najuta, kwamba sijalala vizuri tangu siku ile, kwamba kila nikimfunga kiatu. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Sikiliza. Mpaka dakika tano zilizopita nilikuwa nimeumia kwa ajili ya mtu. Sasa nimeumia bure. Umeniletea nini, Lyle? Umejitua mzigo wako, umekuja kuniwekea mimi, na unaona nina mkono mmoja." Ilikuwa mara ya kwanza aniite kwa jina. "Ungeninyamazia. Ungekula uchafu wako peke yako mpaka ufe."

"Nilidhani una haki ya kujua."

"Haki! Kwa nini haki yangu imekuja leo na haikuja pale ninafunga kiatu?" Akasimama, kiti kikaanguka. "Kama unataka kusema, kamwambie Pruitt. Kamwambie anayeweza kukufanya kitu. Mimi nitakufanya nini? Siwezi hata kukupiga kofi, mkono wa kofi ndio huu."

Akaingia chumbani. Baadaye Ferris alikuja kumchukua na begi dogo. Ferris hakunisalimu, basi amekwishajua.

Alhamisi, Agosti 15

Nilikuwa mlangoni kwa Pruitt kabla yake. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alikuwa na kahawa mkononi, haikufika mdomoni.

"Nimekuelewa sawasawa?" akasema. "Mrushaji wangu mzima alikaa kwenye benchi na barafu, nikamwingiza mchovu?"

"Ndiyo, Kocha."

"Na nikaandika kwamba alijitakia."

"Ndiyo."

Alizunguka meza, akafika karibu. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, magoti mabovu. "Vondra, zimebaki siku ngapi za msimu? Mwakani kazi yako haipo, sheria imeshaiua. Ungekaa kimya, tungekupigia makofi, ungeondoka na ile Julai yako uwasimulie wajukuu. Kwa nini umekuja kunitapikia hapa?"

"Taarifa inasema alijitolea. Haikusema kwa nini hakukuwa na mwingine. Wakijua, labda watamrefushia mkataba."

"Labda," akasema. "Au labda wataniuliza mimi nilikuwa wapi, na kwa nini nilimrudisha zamu ya nane. Hilo ulifikiri?"

Kwa kweli sikulifikiri. Nilikuwa nimejaa aibu yangu hata sikuona kwamba na yeye anayo ya kwake. Alisimama dirishani, anatazama uwanja unavyomwagiwa maji.

"Zamu ya nane ni yangu," akasema mwishowe. "Ya saba ni yako. Nitaandika zote mbili. Toka."

Ijumaa, Agosti 16

Nimemwambia Marlys. Kwenye simu nilisikia injini ya basi inanguruma.

"Siku ile nilipiga honi," akasema. "Majirani walitoka nje. Niliwaambia wote."

"Najua."

"Hujui. Nitawatazamaje, Lyle?" Akakata. Baada ya saa moja akapiga tena kuuliza kama nimekula. Sikujua kama huo ni msamaha au ni mazoea. Nikamwambia nimekula.

Jumanne, Agosti 20

Zizi lote linajua. Hakuna aliyenitukana, laiti wangenitukana. Nikikaa, benchi linakuwa na nafasi pande zote. Mzee Dorsey hunipa maagizo akitazama kofia yangu. Yule mama wa samaki, asiyejua lolote, leo kapaza: "Bwana Mtu-Mmoja, leo mbona umenuna?" Hakuna aliyecheka.

Ijumaa, Agosti 23

Galt City. Simu ikalia. Dorsey akasema, "Lindqvist. Unaweza, au kuna kitu kinauma?" Wote wakageuka.

Nilikwenda. Alipiga mpira chini kati ya kituo cha kwanza na cha pili, akafika salama, mwenzake aliyekuwa kituoni akakimbia mpaka kibaoni, tukafungwa. Akasimama pale kituoni akanicheka. Nilimtazama mpaka akamaliza. Kicheko kilidumu kadiri ya kupiga chafya, kisha akarekebisha glavu zake na kutazama mpira unaofuata. Kitu kidogo namna ile. Nimekiuzia kitu kidogo namna ile mkono wa rafiki yangu.

Jumatano, Agosti 28

Wameniita, wakaniachisha. Jina langu limeondolewa mlangoni kabla sijatoka bafuni. Pruitt hakuja kuniaga, ila alimtuma Ferris aniambie jambo moja: klabu imekubali kumweka Teyo mwaka mwingine mzima, na matibabu juu. Pruitt mwenyewe hawajaamua watamfanya nini.

"Teyo amesema lolote?" nikamuuliza Ferris.

"Kauliza sufuria zake ziko wapi."

Jumanne, Septemba 3

Msimu umekwisha jana. Nilikuwa nafunga masanduku yangu nilipowasikia ngazini. Teyo na binamu yake, Radhamés, dereva wa malori aliyekuja toka New Jersey kumchukua. Sikuwahi kumwona kabla.

Teyo bado haruhusiwi kubeba kitu kizito kuliko kikombe. Alisimama sebuleni, akaonyesha kwa kidevu: ile, na ile, na ile. Nami nikabeba. Mimi na Radhamés tulishuka na kupanda. Maneno aliyonipa Teyo yalikuwa, "Hiyo taratibu, ina vyombo," basi.

Tulipomaliza, pale kando ya gari, Radhamés alijifuta jasho, akanitazama vizuri, uso ukamfunguka.

"Ngoja kwanza. Wewe ndiye Lyle? Yule Lyle?" Akanikumbatia kwa nguvu, karibu aniinue. "Shangazi hamalizi chakula bila kukutaja! Anasema, aliyemfunga mwanangu viatu, aliyemkatia nyama! Ubarikiwe, bwana. Ubarikiwe sana."

Juu ya bega lake nilimwona Teyo. Alikuwa na mkono mzima kwenye mlango wa gari. Neno moja tu lingetosha. Nilimngoja aliseme. Nadhani nilitamani aliseme.

Akatazama barabara.

"Usinishukuru," nikamwambia Radhamés. "Sikufanya jambo la kushukuriwa. Mimi ndiye niliyemuumiza."

Radhamés akacheka kwa sauti, akanipiga kifuani. "Msikie! Anajishusha! Eti yeye ndiye aliyemuumiza! Shangazi alisema una roho hiyo."

"Twende, binamu," Teyo akasema.

Akaingia. Pa kuchomekea mkanda wa gari palikuwa upande wake wa kushoto, wa ule mkono uliofungwa. Akageuka kuuchomeka kwa mkono wa kulia, ukamponyoka, akauvuta tena. Nilikuwa hatua moja kutoka dirishani na kioo kilikuwa wazi. Hakunitazama, nami sikunyoosha mkono. Alichukua muda wake mpaka ukaingia, ndipo Radhamés akawasha gari.